Dawa ya Panya kwa Mguu wa Diran

Pale njia panda ya Campurdarat, mbele ya karakana ya kuchonga marumaru, kuna banda la kahawa la Yu Kinah. Yu kwa lugha ya huko ni dada mkubwa, na hata wazee wenye wajukuu humwita hivyo, maana ulimi wake haujali nani mkubwa nani mdogo. Mbele ya banda kuna benchi refu la mti wa mfenesi, limeng'arishwa na makalio ya watu wasio na haraka. Kahawa ya hapo husagwa laini kama poda. Unaimimina kwenye kisosi, unakunywa, kisha unayakusanya mashapo yake na kuyapaka juu ya sigara ya karafuu kwa kijiti cha meno, mstari kwa mstari, mpaka sigara ipendeze kama kitambaa cha bibi harusi. Kazi hiyo huchukua nusu saa, na aliyeishika hashiki nyingine. Ndiyo maana benchi lile halijawahi kukosa wataalamu.

Asubuhi hiyo ya Alhamisi wataalamu walikuwa watatu. Alikuwapo Profesa, mzee Saikun, karani mstaafu wa ofisi ya kijiji, ambaye kwa miaka thelathini aligonga mihuri kwenye barua za watu na sasa anadhani alikuwa akizisoma. Alikuwapo Dizeli, fundi wa pawatila, zile trekta ndogo za kushika kwa mkono, anayeamini kuwa kila kitu alichokiumba Mungu kina tangi, pampu na ekzosi. Na alikuwapo Jemadari, mkulima wa mpunga, aliyepewa cheo hicho kwa sababu ya vita vyake na panya. Vita vina miaka kumi na miwili sasa, na panya wanaongoza.

Mwisho wa benchi, mguu wa kushoto umenyooshwa juu ya kigoda, alikaa Diran, dereva wa lori la marumaru, ndugu wa tumbo moja wa Yu Kinah. Mwezi mmoja na nusu nyuma alikuwa ameendesha hadi Jakarta na kurudi karibu bila kushuka, kwa kushindana tu na dereva mwenzake, akarudi na mguu umevimba kama gogo. Hospitali wakamkuta na bonge la damu ndani ya mshipa wa paja. Daktari, binti mdogo mwenye miwani, alimweleza mbele ya dada yake bila kuzunguka: bonge likitulia hapo tutaliweza, likikatika kipande kikapanda mapafuni utakufa. Akampa vidonge vya kuzuia damu kuganda, kimoja kila jioni, na tarehe za kurudi kupimwa. Mke wa Diran yuko Taiwan, anamtunza mzee wa watu, kwa hiyo kazi ya kumtunza Diran ilimwangukia Kinah. Alimsikiliza yule daktari kwa masikio yote mawili, na tangu siku hiyo alijiona yeye ndiye mwenye akili peke yake pale njia panda. Kwa kampuni aliyokuwa nayo, hakukosea sana.

Diran alikuwa amefika akijikongoja, akakaa.

— Yu, nina upepo kidogo.

— Upepo, — Jemadari akaitikia, kama mtu anayeitikia salamu.

— Msimu wake, — akasema Profesa.

Pale kwao tumbo likijaa ni upepo umeingia, kichwa kikiuma ni upepo, kifua kikibana ni upepo, na mtu akianguka ghafla akafa, basi upepo ulimkalia. Kinah alimtilia mdogo wake kahawa ya tangawizi, akamwekea pembeni na kurudi kwenye karai lake la tofu. Hakuuliza zaidi. Alikuwa ameona kitu kingine kilichomchemsha damu. Kwenye shavu la mguu wa Diran palikuwa na duara jeusi la chuma, kubwa kama sahani ya chai, limefungwa kwa utepe wa mpira wa tairi.

— Hicho nini?

— Sumaku, Yu, — Dizeli akajibu kwa fahari. — Ya spika. Nimeitoa kwenye ile redio ya msikiti iliyokufa.

— Inafanya nini kwenye mguu wa mdogo wangu?

— Inatibu. Damu ina chuma ndani yake, nani anabisha? Shuleni tulisoma. Bonge la damu basi ni chuma kilichokusanyika pamoja. Ukiweka sumaku chini, bonge linashuka chini. Leo shavu la mguu, kesho kifundo, keshokutwa kisigino. Likifika kisigino tunatoboa, linatoka, kwisha habari.

— Mnatoboa kwa nini?

— Kwa bisibisi. — Dizeli akaona uso wa Kinah. — Nitaichoma moto kwanza, Yu. Mimi si mshenzi.

— Pawatila ya Haji Mustakim uliifungua kabla ya Ramadhani. Mpaka leo bolti zake zimo kwenye kopo la biskuti. Halafu unataka kufungua mguu wa mtu! Toa takataka hiyo.

— Acha kwanza, Yu, — Profesa akaingilia, kijiti cha meno hewani. — Tujadiliane kisomi. Dizeli amekosea njia, lakini swali lake ni halali. Hospitali wanasema wanazuia damu isigande. Mimi nauliza, damu isipoganda, si mtu anamwagika?

Kinah akafuta mikono kwenye aproni. Hili alikuwa amewaeleza mara nne. Mara ya kwanza waliongelea mpira, mara ya pili waliongelea mpira, mara ya tatu Profesa alisinzia, na mara ya nne waliitikia kwa heshima kisha wakaomba maji ya moto. Lakini kuna watu ambao ujinga ukiwagusa masikio hawawezi kukaa kimya, na Kinah ni mmoja wao.

— Sikilizeni, maana hii ni mara ya tano. Kila alfajiri nachemsha maziwa ya soya. Yakikaa yenyewe, yanaganda?

— Hayagandi, — Jemadari akakubali.

— Natia siki, yanaganda, napata hii tofu mnayoimeza bila shukrani. Na damu ndivyo. Ina siki yake ya kuigandisha, na inayoitengeneza hiyo siki ni ini. Ini nalo, ili siki ikolee, linahitaji kitu kimoja kiko kwenye mboga za majani, kwenye matembele, majani ya muhogo, mchicha. Vitamini K. Likishaitumia, linaisafisha na kuitumia tena, na tena. Kidonge cha Diran kinakaa pale katikati na kulizuia ini lisiisafishe. Basi siki inatoka, lakini ni majimaji, haina ukali. Damu inachelewa kuganda. Inachelewa tu, haimwagiki. Bonge la zamani halikui, jipya halizaliwi, na lile lililopo mwili wenyewe unalila polepole. Mmeelewa?

Profesa akapaka mstari mmoja kwenye sigara yake, akaupuliza ukauke.

— Kwa hiyo, kwa lugha rahisi, Diran ana tofu pajani.

Wakacheka mpaka benchi likalia. Hata Diran alitabasamu, tabasamu la upande mmoja, kisha akaegemeza kichwa kwenye nguzo ya banda. Kinah hakucheka. Aliwatazama wale wanaume watatu, umri wao ukijumlishwa unakaribia miaka mia mbili, akajiuliza imekuwaje hakuna hata mwaka mmoja uliowafundisha kitu.

— Cheka, Profesa. Mwenye meno mawili acheke akiwa nayo.

— Yu, usikasirike, — Jemadari akasema. — Mimi nakubali yote uliyosema. Umesema vizuri sana. Ila kuna neno moja umelificha.

— Neno gani?

Jemadari akaingiza mkono ndani ya koti lake la shambani, akatoa pakiti ndogo yenye picha ya panya aliyelala chali. Akaiweka juu ya benchi taratibu, kama mtu anayeweka karata ya mwisho.

— Hii nimeitumia miaka mitatu. Panya anakula leo, anatembea, anasalimia jamaa zake, siku ya nne, ya tano, anatoka nje kutafuta maji na damu puani. Wenzake hawashtuki, wanadhani kafa kwa ajali. Nilimuuliza muuza duka la kilimo, hii inafanyaje kazi? Akaniambia, inazuia damu kuganda. Nikamwonyesha karatasi ya vidonge vya Diran. Akacheka! Akasema, mzee, ukoo mmoja.

— Ukoo mmoja, ndiyo, — Kinah akasema.

Jemadari hakuwa amejiandaa kukubaliwa.

— Daktari alituambia mwenyewe siku ya kwanza, hakuficha. Dawa hii ilianza kwa panya ndipo ikaja kwa watu. Sasa wewe, Jemadari, chumvi ya kijiko kimoja si inapika mchuzi? Ukila debe zima si unazikwa? Panya anakula ya kuulia, Diran anapewa ya kuponea, na ndiyo maana wanampima damu kila mara, isizidi wala isipungue. Wewe ulisikia neno panya, ukaacha kusikia mengine yote.

— Lakini mgongo wake je? — Dizeli akauliza.

— Mgongo wake una nini?

Hapo wote watatu wakatazamana, na Kinah, ambaye amewauzia kahawa miaka kumi na saba, alijua kutazamana huko. Ndivyo walivyotazamana mwaka ule walipochoma kichaka cha mianzi cha ofisi ya kijiji kwa bahati mbaya.

— Sema, Dizeli.

— Upepo ulimwingia, Yu. Juma lililopita. Mgongo ulimkaza. Nikamkwangua.

— Ukamkwangua kwa nini?

— Kwa sarafu, kama kawaida, na mafuta kidogo. Mimi mwenyewe mke wangu hunikwangua kila Ijumaa. Michirizi inakuwa myekundu, upepo unatoka, kesho yake umepoa. Sasa ya Diran haikuwa hivyo. Asubuhi yake ilikuwa myeusi, Yu. Kutoka mabegani hadi kiunoni, kama mtu aliyegongwa na treni. Nikamwita Profesa aone.

— Nikaona, — Profesa akathibitisha. — Nikasema, huyu anaoza kwa ndani. Jemadari naye akaja na pakiti yake, mambo yakawa wazi.

Kinah akautua mwiko wa tofu.

— Ulimkwangua kwa sarafu mtu ambaye damu yake imecheleweshwa kuganda. Mkamwona ana michubuko. Mkashangaa.

— Nilimkwangua taratibu, — Dizeli akasema, akiwa kama mtoto aliyevunja sahani.

— Na vidonge?

Akamgeukia mdogo wake.

— Diran. Vidonge.

— Nimepumzika... kidogo, Yu, — Diran akasema. — Kwa muda tu.

— Muda gani?

— Toka... Jumanne ile.

Jumanne ile ilikuwa siku aliyopaswa kurudi kupimwa damu, na alimwambia dada yake kwamba alikwenda na kwamba kila kitu ni sawa. Siku tisa. Kinah hakuwa msomi, lakini daktari alishamwambia hesabu yake: mtu akiacha, ini linarudi kazini, siku nne tano siki imekolea kama mwanzo, na bonge lililokuwa limetulia linapata chakula tena. Alitaka kumpiga mdogo wake kwa mwiko. Alitaka kulia pia, lakini mbele ya wale watatu asingelia hata angekatwa mkono.

— Viko wapi vidonge vilivyobaki? Umeze kimoja sasa hivi mbele yangu, halafu tunakwenda hospitali, leo hii hii.

Tena wakatazamana.

— Viko kazini, — Jemadari akasema kwa sauti ndogo.

— Kazini wapi?

— Tulisema tufanye jaribio, Yu. La kisayansi. Profesa aliandika kwenye daftari. Nimekamata panya watatu wakubwa, nimewaweka kwenye tundu la kuku. Tumeviponda vidonge vyote, tukachanganya na wali na samaki mkavu kidogo, maana panya wa huku wanachagua. Tukawapa.

— Na?

— Wananenepa.

— Ndipo tukapata uhakika, — Profesa akasema. — Kama panya wangekufa, basi ni sumu, Diran asimeze. Hawakufa. Kwa hiyo ni dawa bandia, Diran asimeze.

Kinah aliirudia ile hesabu kichwani, mbele na nyuma, akitafuta mlango ambao mdogo wake angepitia akatoka hai. Haukuwapo. Walikuwa wameijenga nyumba na kuusahau mlango, kisha wakamfungia Diran ndani na kwenda kunywa kahawa.

— Vidonge vya watu mmewalisha panya, — akasema, na sauti yake ikawa ya chini mno, ile ambayo mumewe marehemu alikuwa akiikimbia. — Panya wako watatu, Jemadari, ndio viumbe pekee kijiji hiki waliotibiwa vizuri juma hili. Nyie mnaitwa wanaume? Hata kunguru akiokota kitu asichokijua hukiweka chini akakitazama kwanza.

Akazima jiko la tofu. Akafungua aproni. Alikusudia kweli kufunga banda, kumwagiza Dizeli alete pikapu yake, na kuondoka na Diran saa ile ile. Hilo alikusudia. Mkono mmoja ulikuwa tayari kwenye ubao wa kufungia dirisha.

— Sawa, — Profesa akasema nyuma yake, kwa upole wa mtu anayesamehe. — Nenda naye. Ila jiulize swali moja tu, Yu. Kila wakimpima wanamtoa damu sindano nzima. Wagonjwa wa namna hii wilaya nzima wako wangapi? Mia tatu? Mia nne? Damu hiyo inakwenda wapi?

Kinah akasimama. Alipaswa kuendelea na ubao wake.

— Inatupwa, mzee Saikun. Inapimwa, inatupwa.

— Damu? Inatupwa? Wewe hata mashapo ya kahawa hutupi, unatia kwenye mipilipili yako. Hospitali yenye wasomi watupe damu! Inapelekwa Surabaya, kuna kiwanda. Inasindikwa.

— Inasindikwa kuwa nini? — Dizeli akauliza, macho yamemtoka.

— Hilo ndilo hawalisemi. Lakini fikiria. Kwa nini waifanye nyepesi kwanza? Nyepesi inapita kwenye mabomba. Nzito inaziba. Wewe fundi, unajua.

— Wallahi inaziba, — Dizeli akasema kwa mshangao, kama mtu aliyefunuliwa jambo. — Na daktari hakuuliza hata msimu! Injini wakati wa mvua inataka oili nyepesi, kiangazi inataka nzito. Sasa hivi kiangazi. Mtu wa kiangazi umemtilia oili ya masika, ataacha kuvimba?

— Alivimba kabla ya dawa, — Kinah akasema. — Kabla! Alikwenda kwa daktari kwa sababu amevimba!

— Yu... — Diran akaita.

— Subiri, Diran, nimalizane na hawa.

— Tena mimi sasa nabadili mawazo, — Jemadari akasema, akiichukua pakiti yake na kuitazama upya. — Panya wa siku hizi hawafi kama wa zamani. Wameizoea. Wale watatu, kila siku wanakula, wanang'aa manyoya. Sasa mtu akiimeza mwaka mzima, damu yake itazoea kila kitu. Nyoka akimng'ata, nyoka ndiye ataumwa. Mimi naona wangetugawia kijiji kizima.

— Robo saa iliyopita ulisema inaua!

— Inaua wasio na nidhamu.

— Jemadari, ukifa wewe sitakuja mazishini. Nitakwenda kuwapa pole panya.

— Kinachonisumbua mimi ni hii sumaku, — Dizeli akaendelea, hamsikii mtu. — Labda nimeiweka vibaya. Labda tungeliita bonge liende juu, si chini. Kichwani. Kichwa cha Diran kina nafasi ya kutosha.

— Kichwa chako ndicho kina nafasi! Mtu angepangisha humo na familia yake yote! — Kinah sasa alikuwa amekuja mbele ya benchi, mikono kiunoni, na ukweli usemwe, alikuwa akiona raha. Kila walichosema kilikuwa kibovu, na kila ubovu aliuona upesi na kuupiga kwa neno moja. Watu wawili wa karakana ya marumaru walisimama na patasi zao kusikiliza. Kinah aliwaeleza upya habari ya ini, ya siki, ya majani ya muhogo, kwamba daktari hakukataza mboga, alisema tu mtu ale kiasi kile kile kila siku ili dawa isiyumbe. Profesa akasema hapo ndipo siri ilipo, wanataka kujua kila mtu anakula nini. Kinah akamjibu. Dizeli akauliza kama ekzosi ya ini iko upande gani. Kinah akamjibu huyo naye.

Katikati ya hayo akapita mama mmoja muuza mitishamba, kikapu cha chupa kimefungwa mgongoni kwa kitambaa. Hawakuwa wakimjua. Yule wa zamani aliyekuwa akipita njia hiyo alihamia kwa bintiye, huyu ndiyo kwanza aanze. Profesa alimwona kama kadhi aliyetumwa kutoka mbinguni.

— Mama, pita hapa, tua mzigo. Wewe unaijua miili ya watu. Tuamulie. Damu nyepesi na damu nzito, ipi bora kwa mwanamume?

Mama akatua kikapu, akapangusa jasho. Chupa zake zikagongana.

— Mpe manjano! — Jemadari akashauri.

— Tangawizi kashakunywa, — akasema Dizeli.

— Muache mama ajibu, — Kinah akasema, naye tayari ameshaandaa jibu la kumtolea, lolote atakalosema.

Mama hakuwa akiwatazama wao. Alikuwa akitazama mwisho wa benchi.

— Huyu bwana anahema hivi tangu lini?

Profesa akafungua mdomo, kwa mazoea. Akaitazama sigara yake.

— Tangu... alipofika? — Jemadari akasema, akimgeukia Dizeli.

— Mimi nilikuwa natazama mguu, — Dizeli akasema. — Profesa ndiye aliyekaa naye karibu.

— Nilikuwa nimempa mgongo. Nilikuwa naongea.

Kinah alikuwa amegeuka. Mdogo wake alikuwa pale pale, ameegemea nguzo, na ile kahawa ya tangawizi ilikuwa haijaguswa, imeota utando juu. Shati lilikuwa limemganda kifuani kwa jasho. Midomo ilikuwa na rangi ya zambarau. Mabega yalipanda na kushuka, yakapanda na kushuka, mafupi, ya haraka, kama ya mtu anayepanda kilima na mzigo, na Diran alikuwa amekaa kwenye benchi muda wote huo hajainuka. Hatua tatu tu zilikuwa kati yao. Zote alikuwa amezijaza maneno.

— Dizeli, pikapu, — akasema.

Dizeli alikwishaanza kukimbia, kandambili moja ikabaki njiani. Kinah akapiga magoti, akachukua kisu cha tofu, akakata ule utepe wa mpira, na sumaku ikaanguka mchangani. Akamshika Diran mashavu. Yalikuwa ya baridi, na jua lile lote.

— Diran, nitazame. Nimenyamaza. Niambie wewe, tangu lini?

Diran alimtazama. Alijua jibu, macho yake yalionyesha kuwa analijua. Akavuta pumzi ya kulisema, pumzi haikutosha, akavuta nyingine, nayo haikutosha. Basi akainua mkono kutoka pajani, akaonyesha vidole vitatu.

— Masaa matatu? — Kinah akauliza. — Au siku tatu? Diran. Masaa au siku?

Vidole vilibaki juu. Siku tatu nyuma ilikuwa Jumatatu. Jumatatu Diran alikuwa amekaa mwisho wa benchi lile lile, na Jumanne, na jana. Kila siku alisema ana upepo kidogo, na kila siku Kinah alimtilia tangawizi kwa mkono wake mwenyewe, kisha akageuka kuwatukana wajinga.

Pikapu ilifika ikipiga honi na hakuna aliyekuwa njiani. Jemadari alimshika miguu, wale wa marumaru wakamshika mabega, na yule mama akashika kichwa. Profesa alifungua kilango cha nyuma, akabaki amekishikilia hata walipokwisha kumpakia, mpaka Kinah akamwambia kwa sauti ya kawaida kabisa aachie. Akapanda, akampakata mdogo wake. Mwendo wa hadi mjini si mfupi, na muda wote alikuwa akihesabu zile pumzi na kuuliza polepole karibu na sikio, masaa au siku, masaa au siku. Alijua daktari yule wa miwani atakuwa mlangoni, na hilo ndilo litakalokuwa swali lake la kwanza.